Taa Mbili za Mama Mkwe

Mimi hasira zangu ziko karibu, na hakuna kinachozipandisha upesi kama taa iliyopinda ukutani. Mke wangu anasema ni ugonjwa. Tukienda kutembelea watu, naingia uani nikiwa nimetazama juu ya mlango badala ya kuwatazama wenyeji, na kabla sijaamkiwa nimeshajua fundi wao alikuwa mtu wa namna gani. Taa ya ndani ikipinda, hiyo ni siri ya mwenye nyumba. Ya nje inaonwa na kila mpita njia, na mvua nayo inaiona.

Ugonjwa huo nusura uninyime huyo huyo mke.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, Mteso mzaliwa wa Adungosi, upande wa Malaba, fundi wa stima. Kazi nilikuwa nimejifunza Kisumu, nikarudi nyumbani na bisibisi tatu, koleo moja na kiburi cha kujaza gunia. Stima ilikuwa imefika Busia mjini, lakini si kwa kila mtu, kwa hiyo aliyebahatika kuvutiwa waya alitaka dunia nzima ijue. Kuna watu waliokuwa radhi kula gizani sebuleni mradi taa mbili ziwake nje ya mlango.

Nilingojea wateja kwenye baraza ya duka la vifaa vya ujenzi. Jirani na duka hilo alikaa dada mmoja na cherehani yake, msichana wa Kimarachi, Waluhya wa huku Busia, aliyeishi na mama yake mtaa wa Burumba. Nilishonesha kwake suruali moja, nikaipeleka ipunguzwe, nikairudisha iongezwe, hadi akaniuliza kama ninatafuta suruali au ninatafuta kitu kingine. Nikamwambia ukweli. Kufikia msimu wa mvua tulikuwa tumeelewana, na wazee wangu walikuwa wametuma habari kwamba baada ya wiki tatu watakuja Burumba kuposa. Mama yake alijua kuna Mteso kutoka upande wa Malaba anakuja. Uso wangu hakuwa amewahi kuuona.

Na hapo ndipo penye kisa. Huku kwetu, kwa Wateso na kwa Waluhya vilevile, mkwe na mama mkwe wanaoneana haya. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani machoni. Wakikutana njiani, mmoja anapisha hadi kwenye majani. Mkwe kupanda kwenye nyumba ya mama mkwe, tena mama akiwa chini anamtazama, hilo ni jambo ambalo watu hawalisemi kwa sauti.

Basi Alhamisi moja nimekaa barazani, nikaona mama mnene wa makamo anakuja, kanga mbili kiunoni, mwendo wa mtu mwenye shughuli zake. Nilimtambua mara moja. Binti yake alikuwa amenionyesha kwa mbali sokoni, pale alipouza chumvi, sabuni na mafuta ya taa kwa watu wa ng'ambo ya mpaka, Uganda. Nilitaka kuingia dukani nijifiche nyuma ya mabati, lakini mwenye duka alishaninyooshea kidole.

"Wewe ndio fundi ya taa?"

"Ndiyo, mama."

"Ya kuanguka ama ya kukaa?"

"Zangu zinakaa."

"Wote husema hivyo. Kesho asubuhi, Burumba. Niko na wageni ya maana, nataka taa mbili hapo nje, moja huku, moja huku ya mlango. Na ziwe laini moja."

"Wageni gani, mama?" Mdomo wangu uliuliza wenyewe.

"Watu wanataka msichana yangu. Mbona unakohoa?"

Jioni nilimweleza mwenye cherehani. Alicheka mpaka akaegemea meza, kisha kicheko kikamkauka.

"Kataa. Sema umeugua."

"Nikikataa, atamwita yule wa sokoni."

Sote wawili tulimjua fundi huyo wa sokoni. Alikuwa ametundika taa ya nje kwa mwuza nyama kwa misumari miwili, bila kuziba popote, na mvua iliponyesha mlango wa chuma ukaanza kuuma watu kwa stima. Mwuza nyama alikuwa akifungua bucha lake amevaa gambuti. Sikuwa tayari mama wa mchumba wangu aishi hivyo.

"Sikiliza," akasema. "Akikushikia ngazi leo, halafu kesho ajue wewe ndiye mkwe, ataona umemvua nguo mbele ya watu. Atakataa. Na mama yangu akikataa, hakuna mzee wa kumgeuza."

Nilimwambia nitafanya kazi siku moja tu, kichwa chini, mdomo umefungwa. Siku ya posa nitavaa koti na tai, hatanitambua. Aliniangalia kwa huruma, kama anayeanza kufikiria upya jambo la suruali.

Asubuhi nilikodi ngazi kwa mwashi mmoja na boda boda wa kuibeba. Mwenye baiskeli aliifunga kwa marefu, mimi nikakimbia nyuma nikishika ncha, na kila tulipokata kona watu walirukia mitaroni. Karibu na kizuizi cha mpaka askari alitusimamisha akidhani ngazi inavushwa Uganda. Nilimwambia inakwenda ukweni. Hilo ndilo neno pekee la kweli nililosema siku ile.

Nyumba ilikuwa mpya, ya matofali, na baraza mbele. Mama alikuwa ameijenga mwenyewe kwa chumvi na sabuni, chumba baada ya chumba, na chumba cha mbele kilikuwa duka. Binti alikuwa ndani, na tuliamkiana kama watu wasiojuana, vibaya sana.

Nilianza panapostahili. Nilizima swichi kubwa, nikachomoa fyuzi, nikaitia mfukoni.

"Mbona unaweka kitu ya nyumba yangu mfukoni?"

"Hii ikiwa mfukoni mwangu, mama, hakuna mtu atakayewasha stima nikiwa juu na waya mkononi."

"Na ukienda nayo?"

"Nitarudi."

Alinikagua toka kichwani hadi miguuni, akashika ngazi kwa mikono miwili. Nikapanda, nikafungua mkoba nikakuta pima maji sina. Nilikuwa nimeisahau Malaba, kwa mteja wa juzi. Bila ile chupa ndogo yenye povu la kuonyesha usawa, ningetundika taa kwa kubahatisha.

"Mama, hapa jirani kuna mtu ako na pima maji?"

"Jirani ya nini? Si niko?"

Akaingia ndani. Akatoka na debe la maji kichwani na mkebe wa kupimia mkononi, ule wa mafuta ya taa, umesuguliwa ukang'aa. Akatua debe, akachota, akainua mkebe kwenye mwanga akifunga jicho moja.

"Sema. Unataka ngapi?"

Nilicheka hadi ngazi ikatikisika. Nilijitahidi kuacha, nikashindwa. Ndani nilisikia binti naye ameziba mdomo na kitu.

"Unacheka mimi ama unacheka maji?" Uso wake ulikuwa umekaza. Kupima kulikuwa ndiyo kazi yake, na hakuna aliyewahi kumcheka kwa hilo. Nilishuka, nikaomba msamaha, nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kucheka yeye, taratibu, mabega kwanza, halafu tumbo, mpaka mwanamke wa ng'ambo aliyekuja kununua chumvi akasimama barazani akaniuliza, "Ssebo, bwana, kuna nini hapa?" Akaelezwa, naye akacheka.

Maji yale ndiyo yaliyotuokoa. Dukani niliona mpira mwembamba wa plastiki, wa kuonekana ndani, aliotumia kunyonya mafuta kutoka kwenye pipa. Nilikumbuka wazee wa Kisumu waliojenga bila pima maji ya dukani. Tuliuosha kwa sabuni, tukaujaza maji, tukatoa mapovu yote. Nikampa ncha moja ashike upande wa kushoto wa mlango, penye alama niliyoweka kwa penseli, nami nikashika nyingine upande wa kulia.

"Maji yakisimama kwako penye alama, mama, yanaposimama kwangu ndipo taa ya pili itakapokaa. Maji hayana upendeleo."

"Ngoja, yanacheza bado." Alikuwa ameleta uso karibu na mpira hadi pua inagusa. "Ngoja... ngoja... Sasa! Piga alama!"

Alifurahi kuliko mtoto. Nilipokuwa bado natafuta nyundo, alimwita binti aje ashike ncha ya pili, akapima dirisha, akapima meza ya duka, akapima rafu ya sabuni akaikuta imelala upande, akamtukana fundi seremala aliyekuwa mbali asimsikie. Nami nilikuwa nimefurahi, sina budi kusema. Nilisahau kuwa nimeahidi kufunga mdomo.

Kutoboa matofali kwa tindo na nyundo ni kazi ya subira. Unapiga, unazungusha tindo kidogo, unapiga tena, ili tundu liwe duara wala plasta isipasuke. Kisha unachonga vigingi vya mbao kavu, unavigongea ndani, na skurubu inauma humo. Mbao mbichi haifai, ikikauka inasinyaa na taa inaanza kuinama. Yote haya nilimweleza mama kutoka juu, naye kutoka chini alinieleza yake.

"Huyu kijana wanaleta, sijui hata kama anaweza gonga msumari."

"Labda anaweza, mama."

"Mteso ya Malaba! Atalisha msichana yangu nini?"

"Sisi... wao wanakula vizuri, mama. Nimesikia."

"Mimi sitaki mali mingi. Nataka tu mtu hawezi danganya yeye. Marehemu baba yake alikuwa hivyo. Alikuwa anasema kitu vile iko, hata kama inaumiza."

Bisibisi iliniponyoka ikaanguka karibu na mguu wake. Aliiokota akanipa, na vidole vyetu vikagusana. Niliona aibu kubwa. Alfajiri ile nilidhani namhadaa kwa kumtakia mema, lakini pale juu sikuona wema wowote, niliona tu mtu mzima anayemwambia siri zake mtu asiyesema yeye ni nani. Nikasema moyoni nishuke nimweleze. Sikushuka. Nilimtaka binti yake mno.

Mchana mvua ilinyesha, nikalazimika kurudi siku ya pili na taa moja mkononi. Saa nne hivi binti alileta chai. Aliweka kikombe peke yake, bila kopo la sukari, kwenye kidato cha ngazi, akarudi ndani. Ilikuwa chai bila sukari, nami toka zamani mpaka leo sitii sukari. Niliinywa. Mama alitazama kikombe, akatazama mlango alioingia binti. Tangu hapo alishika ngazi akiwa amenipa mgongo, macho barabarani, kanga ameivuta kichwani. Nilidhani amenichoka.

Nilimaliza taa ya pili nikijitahidi kupita kiasi. Waya niliupindisha chini kidogo kabla ya kuingia kwenye taa, ili maji ya mvua yadondoke pale badala ya kuufuata ndani. Waya wa ardhini nikaufunga kwenye kitako cha chuma. Nikaziba kwa puti juu na pembeni, chini nikaacha wazi, kwa sababu maji yatakayopenya kwa vyovyote lazima yapate pa kutokea. Nikashuka, nikarudi nyuma hatua kumi, nikatazama. Zilikuwa sawa kabisa.

"Zimepinda," akasema mama, bado anatazama barabarani isipokuwa kwa kona ya jicho.

"Hazijapinda."

"Hiyo ya kulia iko juu."

Nikaona alichokiona. Ubao wa mbele ya paa, ule unaoshika ncha za mabati, ulikuwa umeshuka upande wa kulia kwa upana wa vidole viwili. Ukitazama taa kwa kufuata ubao, taa ndiyo ilionekana mkosaji.

"Kilichopinda ni paa lako, mama."

"Paa yangu?"

"Umepima dirisha, umepima meza, umepima rafu. Paa hukupima."

"Shusha hiyo taa kidole moja."

"Sishushi."

"Hii ni nyumba ya nani?"

"Nyumba ni yako, kazi ni yangu! Mimi sipindishi taa nzuri ili ifanane na ubao mbovu. Ukitaka iliyopinda, muite yule wa sokoni, atakupindishia zote mbili!"

Nilikuwa nimepaza sauti. Jirani alichungulia. Ndipo nilipokumbuka ninayemfokea ni nani. Nilirudisha fyuzi mahali pake, nikawasha, taa zikawaka mchana kweupe. Nikaokota mkoba wangu nikaondoka mbio bila kuaga.

Wiki tatu zile sikulala vizuri, na mwashi alinidai kila siku ngazi niliyoiacha kule. Kila nilipomwuliza binti, alijibu mama hajasema kitu. Ila asubuhi moja alimwona amesimama barazani juu ya stuli na mpira wa maji, akimwita mtoto wa jirani ashike upande wa pili.

Siku ya posa ilifika. Tulikuwa watano, wazee wanne nami katikati, nimevaa koti zito la kuazima na tai iliyoninyonga. Ilikuwa saa sita, jua la utosini, na taa zote mbili nje ya mlango zilikuwa zinawaka. Nikatazama juu yake, kwa ule ugonjwa wangu. Ubao wa paa ulikuwa umeng'olewa ukapigiliwa upya, ukaenda sambamba na taa zangu toka ncha hadi ncha. Nilisimama pale langoni nimeduwaa hadi baba mdogo akanifinya kiuno. Sikujua nicheke au nikimbie. Mtu anayerekebisha paa lake kwa ajili ya taa huenda amekubali taa, lakini fundi je?

Tuliketi. Mama, kama ipasavyo, hakuwepo sebuleni. Alikuwa jikoni, mlango umerudishwa, na kaka yake ndiye aliyesema kwa niaba yao. Wazee wangu walisema yao, vizuri na kwa urefu. Tukala. Kisha yule mjomba akaingia jikoni kuchukua neno la mwisho, akakaa huko muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko wiki tatu. Alirudi amekaza midomo, kama mtu aliyebeba maji mdomoni.

"Dada yangu anasema hivi," akaanza. "Anasema kijana wenu asisahau ngazi yake tena. Iko nyuma ya nyumba."

"Ngazi gani?" akauliza baba mdogo. Wazee wote wakanigeukia. Nilitazama viatu vyangu.

"Anasema alimjua siku ya pili, wakati msichana alimletea fundi chai bila sukari na fundi mwenyewe hakuwa amesema hataki sukari. Anasema alijua akifungua mdomo, kijana atashuka, na yeye alikuwa bado hajamaliza kumwangalia. Kwa hivyo akampa mgongo na akaendelea kushika ngazi. Halafu akamwambia apindishe taa, ili aone." Hapo mjomba alishindwa kujizuia, akacheka kabisa. "Anasema alipigiwa kelele mpaka jirani akasikia. Anasema amekubali. Lakini mbuzi wa fidia ya ile haya lazima aje, na awe mkubwa."

Wazee wangu walinikaripia Kiteso na Kiswahili, wakaniita mpumbavu asiye na adabu, na katikati ya karipio nilimsikia mchumba wangu anacheka jikoni, na mama yake naye, mabega kwanza halafu tumbo. Nilikuwa nimeshakijua kicheko kile. Nilifurahi hadi macho yakaniloa, nikasingizia tai. Mbuzi nilimpeleka wiki ileile, nikamchagua mwenyewe, dume la kujaza mlango.

Baada ya hapo hatukusema tena ana kwa ana, mimi na mama mkwe. Tukionana Busia mjini, yeye aliingia duka la karibu, nami niligeukia ukuta. Salamu zilipita kwa watoto, walipozaliwa: "Mwambieni baba yenu swichi ya jikoni inalia." Nami nilingoja aende sokoni, nikaja, nikatengeneza, nikaondoka. Nilimkosa sana. Watu hudhani haya ile ni kitu rahisi, lakini mimi nilikuwa nimeonja mazungumzo yake.

Alipozeeka, wazee wa pande zote mbili walipendekeza tuivunje ile haya. Njia ipo: unapeleka blanketi na mbuzi, mnakalishwa pamoja, mnapeana mikono, na toka siku hiyo mnaongea kama watu. Nililinunua blanketi kabla hawajamaliza kusema. Wakaenda kumwuliza, nami nikasimama nje, nyuma ya ukuta wa jikoni.

"Hapana," nilimsikia akisema. "Mimi na yeye tuliongea siku mbili mzima. Nikamwambia habari ya marehemu, akanisikiza. Akanipigia kelele, nikampigia. Wakwe wangapi wamepata hiyo? Sasa tukianza tena, si tutaongea tu habari ya magonjwa? Blanketi apatie bibi yake."

Alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwa maana alijua niliposimama. Nami nikacheka kwa nguvu zangu zote, ili anisikie.